Shangazi, Mke Mwenzake na Mfalme wa Mkate

Mkate wa kumimina niliouunguza Guangzhou ulikuwa umegharimu kazi ya siku nzima. Shangazi alikuwa ameloweka mchele, akausaga kwa mashine ndogo aliyotoka nayo Dar ndani ya sanduku la nguo, akatia hamira na iliki, akauacha uumuke usiku kucha. Asubuhi akaumimina katika sufuria, akaniambia, "Utazame mpaka nirudi," akashuka chini kupiga simu. Nikautazama kidogo, kisha nikafungua kitabu changu cha historia nikatazama hicho. Aliporudi, moshi ulishafika kwenye ngazi.

"Kidato cha sita kizima," alisema akiwa mlangoni, ushungi umemlegea, "kinashindwa kuchunga mkate mmoja!"

Ningekuwa na akili ningeomba radhi nikanyamaza. Lakini mdomo wangu siku zile ulikuwa mwepesi, na ukurasa niliokuwa nausoma ulinisaidia. Nikamwambia yuko mfalme mmoja wa Waingereza wa zamani sana, naye aliachiwa mikate aitazame, akaiunguza, akagombezwa kama mimi.

"Mfalme gani huyo anayekaa jikoni?"

"Alikuwa amekimbia maadui, shangazi. Alijificha kwa mchunga ng'ombe, na mke wa mchungaji hakujua kama yule ni mfalme."

Shangazi alikwangua sehemu iliyosalimika, akaionja, akakunja uso. "Alipogombezwa alijibu?"

"Wanasema alinyamaza."

"Basi ndiyo maana akawa mfalme," alisema, akanikabidhi sufuria nikaisugue.

Hivyo ndivyo yule mfalme wa Wasaksoni, mtawala wa Wessex zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, yule ambaye Waingereza mpaka leo humwita Mkuu, alivyoingia katika maisha yetu. Jina lake shangazi alilikataa siku ileile, akasema linamkwama kooni. Kwake akawa Mfalme wa Mkate, na mimi sitamwita vingine hapa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Hong Kong imerudi China juzijuzi tu, na Waswahili kule Guangzhou tulikuwa wa kutafutana. Tulipanga chumba katika jengo lililo nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye korido yenye vyumba vingi na jiko moja la wote. Shangazi alikuwa na duka la pochi Kariakoo, pochi za harusi hasa, zile zinazong'aa ambazo mwanamke wa pwani hawezi kwenda nazo sherehe mbili. Mimi alinichukua kwa sababu najua Kiingereza. Nilikuwa nimeanguka mtihani, najiandaa kuurudia, na yeye aliahidi kwamba safari hii ikienda vizuri atanisomesha ualimu. Ndiyo maana nilibeba kitabu cha historia badala ya gauni la pili.

Sasa, katika korido ileile, vyumba vitatu kutoka kwetu, alikaa Bi Mdogo.

Inabidi nieleze. Mume wa shangazi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na wake zake walikuwa wawili. Shangazi ndiye Bi Mkubwa, yuko Dar. Bi Mdogo aliolewa Mombasa, na watoto wote wa yule bwana ni wa kwake, kwa sababu shangazi hakujaliwa. Bwana aligawa siku zake kwa haki, wiki mbili Dar na wiki mbili Mombasa, hata nauli ikipanda. Wale wanawake waliheshimiana kwa mbali. Kisha bwana akafariki ghafla Mombasa, katika zamu ya Bi Mdogo, akazikwa kesho yake asubuhi kama inavyotakiwa, na shangazi akafika akakuta watu wanarudi kutoka makaburini. Alimwomba mwenzake kitu kimoja tu, amwambie mume wao alikufaje na alisema nini. Bi Mdogo akamjibu mbele ya wafiwa wote: "Kafa mikononi mwangu. Aliyoyasema ni yangu." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Shangazi alirudi Dar na swali lake. Nilimsikia mara kadhaa akimaliza kuswali, anabaki amekaa kwenye mkeka, anauliza ukuta, "Sijui alinitaja?" Niliishi naye tangu mdogo na nasema bila kuficha, swali lile lilimla kuliko ujane wenyewe.

Mungu na njia zake, wote wawili wakageukia biashara, wote wawili wakafika China, wote wawili wakaelekezwa jengo moja. Jiko lilikuwa na meko mawili ya gesi, lakini Bi Mdogo akiwa anapika kwenye moja, shangazi hakuligusa la pili hata kama tumbo linanguruma. Alisubiri. Nikipita koridoni namwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu "Marahaba mwanangu" kwa upole, na nikiingia ndani shangazi ananiuliza, "Amesema nini?" Marahaba tu, shangazi. "Na macho yake?" Macho yake yako palepale.

Kumbe Mfalme wa Mkate alimpendeza shangazi kuliko nilivyodhani. Tukiwa tunakunywa chai aliniambia niendelee. Nikamweleza kwamba alikuwa mtoto wa mwisho katika ndugu wengi wa kiume, kaka zake wakatawala mmoja baada ya mwingine, wakafa, mpaka taji likamwangukia yeye ambaye hakuna aliyemtarajia. Kwamba alikuwa na maradhi ya tumbo yaliyomsumbua maisha yake yote. Kwamba Wadenmaki walikuja na majahazi yao, wakala falme za jirani zote, ikabaki yake peke yake. Mkuu wao aliapa amani, akavunja kiapo, akaapa tena, akavunja tena, kisha akamvamia katikati ya baridi, watu wakiwa bado kwenye sikukuu, mfalme akakimbilia kwenye kinamasi.

"Mshenzi," alisema shangazi. "Kumwingilia mtu kwenye sikukuu yake."

Ilibidi nimwambie pia kwamba mwalimu wetu hakuiamini habari ya mikate, kwa sababu iliandikwa muda mrefu baada ya mfalme kufa. Shangazi akanitazama kama nimemtukania mtu wa familia. "Mwalimu wenu alikuwepo?"

Wiki iliyofuata tulipanda basi kwenda Shiling kukagua oda yetu. Shiling ni mji wa pochi. Ukishuka tu, harufu ya gundi na ngozi inakupokea, na kila mlango una mtu anayekata, anayeshona au anayefunga maboksi. Laoban wetu, yaani bosi, alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye sauti kubwa. Yeye na shangazi walielewana kwa kikokotoo, vidole na maneno kama kumi ya kila upande, na nikiwepo walisaidiwa na binti wa ofisini aliyejua Kiingereza. Kwa kawaida yao, ukikubaliana sampuli, ngozi yake inakatwa vipande viwili, laoban anabaki na kimoja nawe unachukua kingine. Mzigo ukija, mnalinganisha. Kipande cha shangazi kilikaa ndani ya mkoba wake wa msahafu.

Tulikuta mzigo wetu unashonwa vizuri. Lakini kwenye meza ya nyuma shangazi akaona pochi nyingine. Rangi ileile ya dhahabu iliyofifia, umbo lilelile, mkanda uleule. Kifungo tu ndicho kilikuwa tofauti. Akainyanyua, akaigeuza, akauliza ni ya nani.

Laoban akacheka, akajizungushia mikono kichwani kuonyesha ushungi, akanyoosha kidole upande wa mji. Yule binti akatueleza: mteja mpya, Mwafrika, mwanamke, wa Mombasa. Alikuja na picha. Kisha laoban akaona uso wa shangazi, akaacha kucheka. Akasema maneno mengi kwa haraka, na binti akanitafsiria kwamba shangazi ni mteja wa zamani, sampuli ilikuwa yake kwanza, na kipande anacho. Akitaka, meza ile ya nyuma inasimamishwa leo. Aseme tu.

Niliyaelewa yote palepale. Pochi za Mombasa zikishuka kwanza, zingeingia Tanga na Kariakoo kwa barabara kabla ya zetu, na msimu wa harusi ungetupita. Na shangazi akisema neno, Bi Mdogo angerudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu meli ilikuwa karibu na hakuna kiwanda ambacho kingeanza oda upya. Shangazi alikuwa amemshika. Mimi ningesema neno hilo kabla binti hajafunga mdomo. Nilikuwa na hasira za miaka yote ya ule mlango uliofungwa, na mlango wenyewe wala sikufungiwa mimi.

Shangazi akaiweka pochi mezani. "Mwambie kesho," akasema.

Kwenye basi la kurudi alishika kile kipande chake cha ngozi mpaka tukaanza kuona maghorofa. Kisha: "Mfalme wangu ulimwacha kwenye matope. Endelea."

Nikamweleza kwa mbwembwe, maana nilitaka kumpandisha mori. Jinsi mfalme alivyotoka kwenye kinamasi majira ya kuchipua, akawaita watu wake, wakalia kwa furaha kumwona yu hai. Jinsi alivyompiga Mdenmaki, akamfukuza mpaka ngomeni kwake, akawachukua ng'ombe na farasi waliokuwa nje, akakaa mlangoni. Ndani wakashikwa na njaa na baridi. Yule mvunja viapo akatoka mwenyewe, akasema chukua unachotaka.

"Akamchinja," alisema shangazi.

"Hapana." Hapa ndipo hadithi ilipoanza kuniharibia mpango wangu, lakini sikuweza kudanganya. "Alimbatiza, akasimama yeye kama baba yake wa ubatizo. Akakaa naye karibu wiki mbili wanakula pamoja, akampa zawadi. Baadaye wakagawana nchi, wakachora mpaka unaofuata mito. Upande huu wa mfalme, upande ule wa Mdenmaki."

"Alimpa nusu ya nchi?"

"Na yeye akabaki na London."

Shangazi aligeukia dirisha. "Mwalimu wenu alisema kwa nini hakumwua?"

"Alisema angemwua huyu, angekuja mwingine asiyemjua."

"Hilo kweli," alisema. "Lakini hata hivyo. Mtu uliyepigana naye muda wote huo anajua mambo yako ambayo hata ndugu zako hawayajui. Ukimwua, yanakwenda naye."

Nikajua hamzungumzii tena mfalme. Nikanyamaza, mara moja katika maisha yangu.

Asubuhi yake alinipeleka mtaa wa maduka wa Yide Lu. Wenzetu huenda pale kwa ajili ya vinyago vya watoto na madaftari ya jumla, lakini kuna upande wa vyakula vikavu, na humo shangazi alinunua mdalasini, pilipili manga na zabibu, akimgombeza muuzaji "tai gui le, tai gui le", ghali sana, mpaka wote wawili wakacheka. Nyama tulichukua kwa Waislamu wa Kichina wenye mgahawa barabarani kwetu. Alipika pilau kwa utulivu, akitumia meko yote mawili. Ilipoiva akaipakua kwenye sinia moja, akatandika mkeka chumbani, akaniambia, "Nenda kamwite Bi Mdogo."

Niligonga mlango wake. "Shikamoo mama. Shangazi anakuita chakula."

Alifungua mlango nusu. "Kanitilia nini humo?"

"Nyama na zabibu, mama."

"Haya. Nikifa, wanangu wana ndugu zao wa kuwalea," alisema, akavaa ushungi akanifuata.

Walikula kila mmoja upande wake wa sinia, nami katikati nikiogopa hata kutafuna. Kisha shangazi akapitisha kidole kwenye wali, akachora mstari.

"Shiling nimeona pochi yako," alisema. "Laoban ananisubiri nimwambie asimamishe."

Bi Mdogo aliliacha tonge lake kwenye sinia. Hakujitetea, na hilo nalimsifu mpaka leo. "Nliiona Kariakoo, dukani kwako, nilipokuja kwa harusi," alisema. "Nliipenda. Sikuwa na akili ya kubuni yangu, nina watoto wa kulisha."

"Watoto wa nani?"

"Wa bwanako."

"Basi," alisema shangazi. "Upande huu Mombasa, Malindi, mpaka Lamu. Wako. Upande huu Dar, Unguja, Pemba, mpaka Mtwara. Wangu. Pochi ni ileile, kifungo chako na kifungo changu. Asiyeridhika aseme."

Bi Mdogo alitazama mstari kwenye wali. "Wanicheka, Bi Mkubwa?"

"Tuligawana mume miaka yote ile bila kugombana. Tutashindwa kugawana pwani?"

Hapo Bi Mdogo akacheka, kicheko cha ghafla kilichomtoa punje za wali mdomoni, na shangazi naye akashindwa kujizuia. Walibishana kidogo tu kuhusu Tanga, ambayo ilikuwa mnofu mkubwa juu ya mstari. Shangazi akausukuma upande wa Mombasa.

"Shangazi! Tanga ni kwetu!" Nilizaliwa Tanga mimi, na yeye pia.

"Mfalme wako alitoa nusu nzima," alinijibu. "Mimi nimebaki na Kariakoo. Kula."

Nafundisha historia sasa, na kila mwaka nikifika kwa huyo mfalme wanafunzi wangu wanashangaa kwa nini mwalimu anatabasamu. Nawaambia alichoacha. Alizungushia miji ngome ili mwananchi asiwe mbali na mahali pa kukimbilia. Alikusanya sheria nzuri za waliomtangulia badala ya kujifanya yeye ndiye wa kwanza kujua haki. Aliwaambia mahakimu wake wajifunze kusoma au waache kazi. Alijifunza Kilatini akiwa mtu mzima, akafasiri vitabu kwa lugha ya watu wake, na hilo mimi ninayeandika Kiswahili namshukuru kwa niaba ya kila anayeandika lugha ya mama yake. Binti yake na mwanawe wakairudisha sehemu kubwa ya ule upande wa pili, na mjukuu wake akaitawala nchi yote kama nchi moja. Hayo yamo mtihanini. Lile la kuketi mezani na adui halimo, nami huwafundisha hata hivyo.

Mpaka wa wale wawili ulidumu. Msimu ule walijaza kontena moja pamoja, na miaka iliyofuata mmoja akiumwa mwenzake alimnunulia. Ualimu nilisomeshwa na pochi zile, na kitanda changu cha chuoni, godoro na ndoo, vililetwa na Bi Mdogo kwa basi kutoka Mombasa, kwa sababu alisema Tanga ni yake na mimi ni mtu wa Tanga. Namshukuru. Namshukuru shangazi kuliko ninavyoweza kuandika. Angesema lile neno Shiling, hakuna ambaye angemlaumu, na mimi ningepiga makofi.

Lakini pale kwenye sinia alikuwa hajamaliza. Bi Mdogo alianza kuinuka kunawa, shangazi akamwambia akae.

"Pwani nimekupa. Sasa na mimi nataka kitu kimoja."

Bi Mdogo akajua. Akakaa. Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa leso, na alipoanza kusema alikuwa anatazama mkeka.

"Ilikuwa zamu yangu, bado siku nne. Akaamka kutoka usingizi wa mchana, akanambia, nifungie begi, nataka kwenda kwa Bi Mkubwa. Nikamwambia siku zangu hazijesha. Akasema najua, nisamehe, leo nimemkumbuka sana. Nikamfungia, na hasira zangu. Akaenda kuoga, akarudi akajilaza kidogo, hakuamka tena." Aliikunja leso. "Mume afa kitandani mwangu, na begi lake liko mlangoni la kwenda kwako. Ningekwambiaje mbele za watu?"

Shangazi aliokota punje za wali mkekani. Nilidhani hakusikia.

"Ulimtilia nini?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

"Vikoi viwili. Shati lake la mistari. Dawa za presha. Na kashata zako."

"Kashata zangu?"

"Zile za nazi alizokuletea kila safari. Si nlikuwa nazipika mimi? Alisema wewe wazipenda."

Machozi yalikuwa yameshamfika shangazi kidevuni naye hajui.

"Zilikuwa tamu," alisema. "Miaka yote nilidhani anazinunua."

Bi Mdogo akaunyoosha mkono wake wenye mafuta ya pilau juu ya sinia, shangazi akaushika. Nikanyanyuka nikatoka, nikawaacha.